Gari la Kubebea Baiskeli

Jumapili, 8 Juni

Glorious ameniambia niandike. "Mama, ukikasirika andika daftarini, usimtumie baba mkubwa ujumbe wa simu." Hili ni daftari lake la Jiografia la kidato cha pili, lilibaki kurasa nyingi. Yeye sasa ni muuguzi Songea, na ana haraka hata akiwa ananipenda.

Basi naandika. Nataka kununua gari. Liwe dogo. Uvungu wake uwe juu, maana njia yetu kutoka lami ya Mbinga mpaka huku mlimani ikilowa inateleza kama mlenda. Na liingize baiskeli mbili ndani. Ndani, siyo juu. Nalitaka kabla ya tarehe 20 Septemba, siku mume wangu Isidori atakayotimiza mwaka tangu atutoke. Siku hiyo nitateremka Mbamba Bay kwa baiskeli kama tulivyokuwa tukiteremka mimi na yeye, halafu nitarudi nazo ndani ya gari langu, milango imefungwa. Sioni kwa nini jambo hili liwachekeshe watu.

Shemeji Salvatory, kaka wa marehemu, ndiye msimamizi wa mirathi. Fedha za kahawa ziko kwenye jina la Isidori, hazitoki bila sahihi ya shemeji. Leo baada ya misa nilimwambia. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia na mbuzi.

"Gari la kubebea baiskeli?"

"Ndiyo, shemeji."

"Mama Glorious, baiskeli inabeba mtu. Gari nalo linabeba mtu. Sasa gari likibeba baiskeli, mtu abebwe na nani?"

Watu walicheka kuanzia mlangoni mpaka kwenye mnara wa kengele. Na mimi nilitabasamu, kwa heshima. Nilipofika nyumbani ndipo nikakasirika. Huwa nachelewa.

Jumanne, 10 Juni

Ukungu. Tumeanza kuchuma. Vidole vimekufa ganzi.

Alhamisi, 12 Juni

Kahawa iko kwenye maji, mikono inanuka. Mchana nilipata nafasi, nikatengeneza kipimo.

Nilisokota kamba ya mgomba. Nikaitoa baiskeli ya Isidori, ile ya kijani, nikafungua gurudumu la mbele kwa spana aliyozoea kuichomeka kwenye soksi. Fundo la kwanza ni urefu wa baiskeli bila gurudumu hilo. Fundo la pili ni kimo chake, kiti kikishushwa. Fundo la tatu ni upana wa usukani. Kila gari nitakaloonyeshwa litapimwa kwa kamba hii. Maneno nimeyasikia ya kutosha.

Kwenye mnyororo bado kuna nta ya mshumaa. Isidori alikuwa akiomba vipande vya mishumaa ya Pasaka vilivyobaki, anayeyusha, anapaka. Alisema mnyororo uliobarikiwa haukatiki. Ni kweli, haukukatika.

Kamba nimeitundika msumarini, nyuma ya mlango. Baiskeli yangu, ile nyekundu, iko stoo. Sikuitoa.

Jumapili, 15 Juni

Mke wa mwenyekiti ameniuliza kama gari langu litavaa helmeti. Nimemwambia Shikamoo nikapita.

Jumatano, 18 Juni

Mvua ya manyunyu, hakuna kuanika. Acha nieleze, maana siku Glorious akilisoma daftari hili nataka ajue mama yake hakuwa mwendawazimu.

Isidori aliinunua baiskeli ya kijani kwa mwalimu mmoja wa kujitolea aliyekuwa anaondoka Kigonsera. Ina gia ishirini na moja. Wanaume hapa walizoea baiskeli nzito za kubebea magunia, wakaiita mbuzi wa kizungu. Mwaka uliofuata alinitafutia na mimi, nyekundu. Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Nilijifunza kwenye uwanja wa shule ya msingi, suruali ndani, kitenge juu, na mwalimu Vitalia akinicheka mpaka akaja kujifunza yeye mwenyewe.

Lami ilipofika mpaka ziwani, tulianza kuteremka. Mavuno yakiisha, Jumamosi alfajiri, tunaondoka Mbinga kwenye baridi tumevaa masweta, na kadiri tunavyoshuka tunavua moja moja, mpaka tunafika kwa kaka yangu Mbamba Bay tumebaki na fulana. Isidori alikuwa akipiga kengele kila kona hata kama hakuna mtu. Alisema anaisalimia kona.

Kurudi ndiyo kazi. Magoti ya miaka hamsini hayapandi mlima ule. Tulikuwa tunaomba lori lolote linalorudi juu, baiskeli zinapakiwa juu ya mzigo.

Kuhusu kona ile iliyomchukua sitaandika. Nitaandika tu maneno ya shemeji Salvatory. Siku ya msiba, mbele ya polisi, mbele ya padri, na kila alipokuja mgeni, alirudia yale yale: "Alipanda juu mwenyewe. Isidori alipenda upepo."

Alipenda upepo! Kama vile ni kishada. Kama vile mume wangu alijitakia. Nikiyakumbuka maneno hayo nikiwa nakoboa kahawa, nazungusha mashine mpaka mpini unalia.

Jumanne, 24 Juni

Leo nimeonyeshwa gari la kwanza. Kilian, fundi wa gereji karibu na stendi, ndiye anayenisaidia kukagua. Ni mtu wa maneno machache, na aliniuliza maswali ambayo hakuna mwingine aliyeuliza. Njia yako ikoje? Baiskeli ngapi? Watu wangapi? Nani ataendesha? Nikamwambia mimi, leseni nilipata Februari. Akasema, "Basi tutafute linalovuta magurudumu yote manne, fupi, lisilo zito kwenye usukani." Hakucheka. Nilitamani kumpa mkungu wa ndizi.

Dalali anaitwa Jastin. Yeye maneno anayo ya kugawa.

"Mama mkubwa, gari hili lilikuwa la mwalimu. Halijawahi kunyanyaswa. Hata matusi halijasikia."

Nilitoa kamba. Fundo la kwanza lilipita viti vilipolazwa. La pili likagoma. Jastin akasema kamba haina macho, tujaribu na baiskeli yenyewe. Tukaingiza ile ya kijani, mlango wa nyuma ukabaki wazi kiasi cha kiwiko.

"Hapo unafunga na mpira tu, mama mkubwa. Barabara nzima wanafanya hivyo."

"Wanafunga mlango kwa mpira?"

"Au unampa mtu aushikilie."

Nilimwambia atoe mikono yake kwenye baiskeli ya mume wangu. Nilisema taratibu, lakini Kilian aligeuka kunitazama.

Jumamosi, 28 Juni

Vitalia amependekeza keria. Juu ya gari, zifungwe kwa mikanda. Nimemwambia juu hapana. Akasema, "Dada Avelina, mikanda ya siku hizi inashika." Nikamwambia hata ingeshika kama dhambi, juu hapana.

Ijumaa, 4 Julai

Baridi ya kuua. Kahawa haikauki.

Jumapili, 6 Julai

Nilipita kwa shemeji Salvatory kuulizia sahihi. Alikuwepo Zabron, mdogo wao wa mwisho, anakula.

Zabron akasema, "Shemeji, achana na hivyo vigari vya mjini. Nunua pikapu. Itabeba kahawa, itabeba saruji, itabeba na jeneza likihitajika."

"Na baiskeli?"

"Tupa nyuma, mtu apande azishike."

Niliangalia chini. Nilisubiri kaka mtu aseme neno. Shemeji Salvatory aliweka tonge lake kwenye sahani, akasimama na ule mguu wake wa kulia usiokunja, akatoka nje kwenda kumwangalia ndama. Ndama! Maneno kama hayo yamesemwa, yeye anakwenda kuangalia ndama aliyemwangalia asubuhi.

Nimerudi kwa miguu. Sahihi sikupata.

Jumatano, 9 Julai

Ukungu.

Alhamisi, 10 Julai

Ukungu. Bado nina hasira na ndama.

Jumamosi, 19 Julai

Songea na Kilian, gari la pili. Jeupe, linang'aa kama mtoto wa komunyo. Mafundo yote matatu yamepita, mlango umefunga kwa kidole kimoja. Nikaanza kuliona likiwa chini ya mparachichi wetu.

Kilian akafunua zulia. Chini kulikuwa na tope kavu, la mtoni, mpaka chini ya viti. Akanionyesha mstari wa maji ndani ya mlango. Gari lile liliwahi kuzama.

Jastin, aliyekuja nalo mwenyewe, akasema, "Hilo ni vumbi la Songea."

"Vumbi la Songea lina konokono?" Kilian akamuuliza, akamwekea gamba mkononi.

Wanafikiri mjane ni mtu wa kulia, hana muda wa kufunua zulia.

Jumapili, 27 Julai

Shemeji Salvatory amekuja kunijulisha kwamba Jumapili ijayo sengu, kikao cha ukoo, itakaa na suala langu litatajwa. Nimemkaribisha. Alipofunga mlango nyuma yake, akaiona kamba msumarini.

"Hii ni kamba ya nini?"

"Kipimo, shemeji."

Alitoka bila kunywa chai. Hajawahi kuiacha chai yangu. Ana kiburi kuliko nilivyojua.

Jumapili, 3 Agosti

Mwandiko utakuwa mbaya leo.

Sengu ilikaa mchana, uani kwa shemeji Salvatory. Isidori alinieleza nilipoolewa huku umatengoni kwamba zamani sengu ilikuwa wanaume wa ukoo kula pamoja chakula kilicholetwa kutoka kila nyumba, na wakishashiba maneno yanatolewa. Siku hizi na wajane tunaitwa tukiwa na jambo. Mimi nilipeleka ugali na mbasa mkavu niliyeletewa na kaka yangu kutoka ziwani. Samaki mzuri kuliko walivyostahili.

Walikula. Kisha Zabron akafungua: "Shemeji anataka gari la kupandisha baiskeli matembezini. Mimi swali langu ni moja. Gari likiharibika njiani, baiskeli zitalibeba?"

Wakacheka. Mzee mmoja akauliza watu wa nyumbani watapanda nini viti vikilazwa. Nikasema watapanda basi. Wakacheka tena, nami nikaona nafasi, nikatoa kamba na kuitandaza juu ya mkeka. Nikaeleza fundo la kwanza, la pili, la tatu. Nilieleza vizuri. Nilikuwa nimejizoeza mbele ya kuku.

"Itoe hapa," akasema shemeji Salvatory.

"Kwa nini?"

"Nimesema itoe. Seremala Bernadi alimpima Isidori kwa kamba ya mgomba, nikiwa nimesimama pale. Kamba ya kumpimia mtu inaingia kaburini na mtu. Wewe umesokota nyingine umeitundika mlangoni. Unampimia nani?"

"Napimia baiskeli."

"Baiskeli ipi? Si ndiyo hiyo hiyo!"

Akaichukua akaitupa motoni, chini ya sufuria. Kamba ya mgomba haichelewi. Niliona fundo la tatu likikunjamana.

Miaka ishirini na sita sijawahi kupaza sauti kwenye ua ule. Leo nimepaza.

"Unachoma kamba! Ungechoma ulimi wako! Ulimi uliosimama msibani ukasema Isidori alipenda upepo. Mtu wa miaka hamsini na mbili, katekista, umemfanya mtoto mjinga anayeparamia malori kwa raha! Polisi umewaambia, padri umemwambia, mpaka wauza karanga wa stendi wanajua Isidori alipenda upepo. Alikukosea nini? Kwa nini umemsingizia?"

Zabron alikuwa na kichwa cha mbasa mkononi.

Shemeji Salvatory akasema, "Nendeni mkamwangalie ndama." Wote wakaondoka, hata wazee. Zabron aliondoka na kichwa chake cha samaki.

Tukabaki wawili. Kisha akaongea polepole, kama mtu anayepita kwenye mawe.

"Mama Glorious. Kwenye lile lori, mbele tulikaa wangapi?"

"Watatu. Dereva, wewe, mimi."

"Nani alikuwa dirishani?"

"Mimi."

"Injini ilikuwa imewashwa?"

Tangu siku ile nimejiambia kwamba ilikuwa imewashwa, kwamba injini ya lori ina kelele.

"Ilikuwa haijawashwa," akasema. "Nilisikia. Sasa ulitaka niwaambie nini watu pale msibani?"

Jumatatu, 4 Agosti

Nitaandika.

Tulikuwa tunarudi kutoka kipaimara cha mtoto wa kaka yangu. Shemeji Salvatory alikuwa amekuja kwa basi. Lori lilibeba mbao. Isidori alipandisha baiskeli zote mbili, akazilaza, akashuka, akaja mlangoni ili tubanane mbele. Nafasi ndogo ilikuwepo. Mimi nikatoa kichwa dirishani nikasema: "Baba Glorious, panda uishike ile yangu, isije ikapinda ringi kama mwaka jana."

Akasema, "Haya, bosi." Akapanda.

Kwenye kona ng'ombe walikuwa barabarani, dereva akafunga breki ghafla. Watu walimkuta Isidori chini ya ukingo, bado ameshika usukani wa baiskeli yangu. Ringi haikupinda.

Hayo ndiyo yaliyokuwa.

Jumanne, 5 Agosti

Sikuchuma.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Watu wako kwenye maonyesho. Mimi nimepindua kahawa kichanjani, nimekasirika, na leo najua na nani.

Lakini na shemeji Salvatory bado nina hasira naye. Nani alimtuma? Nimempikia Pasaka, nimemsalimia kila Jumapili huku nikimchukia, naye anapokea Shikamoo yangu anaimeza. Angeniambia. Labda ningeanguka, lakini ningeanguka nikijua ninapoangukia. Amemchafua mdogo wake ili mimi nibaki safi, na hakuniuliza kama nataka.

Halafu nakumbuka yule ndama.

Jumatatu, 11 Agosti

Upepo, jua kidogo. Kahawa imekauka vizuri.

Jumapili, 17 Agosti

Nimerudi kutoka kanisani nimekuta baiskeli ya kijani imeegemezwa kwenye kichanja, gurudumu la mbele liko chini. Shemeji Salvatory hakuonekana misani leo, kumbe yuko kwangu, amekalia kinu nilichokipindua, mikono myeusi kwa nta.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Nimeharibu kamba yako. Nimekusokotea nyingine." Akanipa. "Hii ni ya katani. Ile ya mgomba sitaki kuiona tena kwenye nyumba hii mpaka siku yangu."

Mafundo yake ni makubwa, kama ya kufungia mizigo ya majani ya ng'ombe. Niliyahesabu.

"Mbona manne?"

"La nne ni mguu wangu." Akaunyoosha, kana kwamba uliwahi kukunjika tangu alipoanguka shambani ujanani. "Baiskeli zikilala nyuma, kiti cha mbele kinasukumwa mbele. Nimejipima. Gari lisilopitisha fundo hilo siwezi kukaa."

"Nani amekwambia unakwenda?"

"Sahihi ni ya nani?"

Nilitaka kucheka nikashindwa, nikaenda kuchemsha chai. Aliinywa yote. Alipoondoka nilikwenda stoo, nikaitoa nyekundu. Nimeipiga teke. Kisha nimeifuta vumbi.

Jumatano, 20 Agosti

Gari la tatu limepita mafundo matatu, limekataa la nne. Naulaani mguu wa Salvatory.

Jumamosi, 23 Agosti

Kilian alipiga simu asubuhi: bwana mifugo mmoja mstaafu anauza Escudo lake, milango mitano, rangi ya majivu. Nilikwenda na baiskeli zote mbili kwenye bodaboda mbili, nikafika na uso wa vumbi. Shemeji Salvatory alikuwa ameshafika kwa bodaboda ya tatu, mguu umenyooka pembeni kama mpini wa jembe.

Mlango wa nyuma unafunguka kwa upande, nao umebeba tairi la akiba mgongoni kama mama na mtoto. Viti vikalazwa. Sikuruhusiwa kupima. Alipima yeye, ameinama, ulimi nje, anahesabu mafundo kwa sauti.

Jastin hakosekani penye gari. Akasema, "Mzee, gari linapimwa kwa kuliwasha, siyo kwa kamba."

"Na wewe siku moja utapimwa, kijana," shemeji akajibu bila kuinuka, "na hutaulizwa kamba ya nini."

Jastin akaenda kusimama mbali.

Moja. Mbili. Tatu. Tukaingiza baiskeli, ya kijani chini, nyekundu juu, blanketi katikati. Mlango ukafunga. Kisha akakaa kiti cha mbele, akaushusha mguu kwa mikono miwili, akaweka kamba kutoka nyongani mpaka kisiginoni.

"Nne," akasema.

Kilian alikuwa uvunguni, tuliona miguu tu. Alitoka baada ya muda mrefu, akafunua mazulia, akanusa. Tulilipandisha njia yetu ya mlimani mpaka kwenye lile jiwe linalokwaruza kila gari. Halikugusa.

"Hili ni la kwako, mama," Kilian akasema.

Ijumaa, 29 Agosti

Ametia sahihi. Aliandika jina lake lote, herufi moja moja, kama anachonga.

Jumanne, 9 Septemba

Gari liko chini ya mparachichi. Kuku wamelilalia boneti. Nimewafukuza kwa fujo isiyolingana na kosa.

Jumapili, 14 Septemba

Zabron aliniomba nimpeleke mnadani. Nimemwambia viti vimelazwa.

Jumamosi, 20 Septemba

Tuliondoka Mbinga alfajiri. Vitalia alipanda ya kijani, mimi nyekundu. Kilian alikuja nyuma yetu na gari, shemeji Salvatory mbele kushoto. Niliweka mguu kwenye pedeli. Baiskeli haikujua kitu. Ilikwenda tu, nyepesi, kama siku zote, na hilo nalo lilinikasirisha.

Tulivua masweta palepale tulipozoea kuvua. Vitalia alipiga kengele kila kona bila mimi kumwambia.

Kwenye kona ile tulisimama. Wameweka nguzo mpya nyekundu na nyeupe. Shemeji alishuka, akaburuta mguu mpaka ukingoni, akavua kofia. Nilimfuata. Nilisema kwa sauti, ili wote wasikie, Vitalia na Kilian na yeyote: "Ni mimi niliyemwambia apande." Shemeji alinishika kiwiko. "Tumesikia," akasema. "Sasa sali." Nikasali vibaya, kwa hasira, lakini nilisali.

Mbamba Bay kaka alitupikia mbasa wabichi. Ziwa lilikuwa limechafuka. Vitalia na Kilian walirudi kwa basi la mchana, kwa sababu baiskeli mbili zikiingia, gari lina viti viwili tu. Hilo nilishalipima.

Baiskeli tulizifunga pamoja kwa ile kamba ya katani, mafundo yake yote manne. Nilifunga mlango. Nilifungua, nikafunga tena.

Nilipanda mlima kwa gia ya pili. Tulipoikaribia kona niliona kwa pembe ya jicho shemeji Salvatory amejipinda kitini, mkono wake umerudi nyuma, umeshika usukani wa baiskeli nyekundu.

"Shemeji, achia."

"Inatikisika."

"Itikisike. Imefungwa. Hakuna mtu wa kushika baiskeli kwenye gari hili. Achia!"

Nilipiga kelele, nadhani. Aliachia. Mkono ulibaki hewani kidogo, kisha akauweka juu ya goti lake lisilokunja. Nguzo nyekundu na nyeupe zikapita, moja moja, zikaisha.

Baadaye akasema, "Mama Glorious, shusha kioo kidogo."

"Una nini? Unajisikia vibaya?"

"Hapana," akasema. "Upepo tu."

Nikashusha vioo vyote viwili.